Maji ya Mboga Usiyamwage

Baridi ikishika, wengi huanza kula vibaya bila kujijua. Hamu ya saladi na matunda hupungua, mkono unakimbilia mkate na vya kukaanga, na maji hayanyweki kwa sababu kiu haisikiki. Wakati huohuo mwili unaendelea kupoteza maji, kwa pumzi na kwa hewa kavu ya vyumba vinavyopashwa moto. Ndiyo maana naitetea supu ya mboga iliyopikwa nyumbani. Bakuli moja linampa mtu maji, mboga na joto kwa mpigo, na hakuna haja ya kumbembeleza alimalize.

Wapo wanaosema mboga ikishachemshwa imekwisha nguvu. Si uongo mtupu. Vitamini C haistahimili moto wa muda mrefu, nayo pamoja na potasiamu huchuruzika na kuingia kwenye maji ya kuchemshia. Lakini maji hayo yanakwenda wapi? Anayechemsha mboga kisha akamwaga maji amemwaga na virutubisho. Kwenye supu, maji ndiyo chakula chenyewe. Unachopoteza ni kile kilichoharibiwa na moto, na hicho unaweza kukipunguza: majani ya kijani yatie dakika za mwisho, na ndimu uikamue sufuria ikishaepuliwa.

Tena ziko mboga zinazofaidika na moto. Kwaruza karoti, ikaange taratibu pamoja na kitunguu kwenye kijiko cha mafuta, halafu tazama: baada ya dakika chache mafuta yenyewe yanageuka rangi ya machungwa. Hiyo ni beta-karotini inayotoka kwenye karoti. Mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo utando wa ndani ya pua na koo unaihitaji ili uwe imara dhidi ya vijidudu. Karoti mbichi huishikilia ndani ya kuta ngumu za seli zake, na bila mafuta kidogo utumbo huifyonza kwa shida. Likopini, ile rangi nyekundu ya nyanya, nayo hutoka na kufyonzwa vizuri zaidi kwa moto na mafuta. Kwa hiyo zile supu zisizo na hata tone la mafuta, zinazosifiwa kwa kupunguza uzito, mimi sizikubali. Anayetaka kupungua anywe supu ya kawaida kabla ya mlo. Itamshibisha mapema na atapakua kidogo.

Kuhusu mafua, tusidanganyane: supu haiui virusi. Mvuke na umajimaji wa moto hulegeza kamasi na kutuliza koo, na kwa mgonjwa hilo si jambo dogo. Mwaka 2000, Stephen Rennard wa Chuo Kikuu cha Nebraska alichapisha utafiti kuhusu supu ya kuku yenye mboga nyingi, akaonyesha kwamba inapunguza mwendo wa aina fulani ya chembe nyeupe za damu zinazohusika na uvimbe wa njia ya hewa. Kilichonivutia ni kwamba hata mboga zake zilipopimwa moja moja zilionyesha athari hiyo. Ila vipimo vilifanyika maabara, si ndani ya miili ya wagonjwa, na asiuziwe mtu supu kama dawa kwa hoja hiyo.

Na kwa nini lazima ya nyumbani? Chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa milo yote. Supu nyingi za pakiti na za kopo hula sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa bakuli moja, na vile vidonge vya mchuzi mara nyingi ni chumvi karibu nusu. Ukipika mwenyewe, ladha unaitafuta kwingine: kitunguu kilichoiva hadi kikawa cha kahawia, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, giligilani. Chumvi ije mwisho kabisa, baada ya kuonja.

Usichuje. Nyuzinyuzi zinazobaki kwenye chujio ndizo chakula cha bakteria wazuri wa utumbo. Ukipenda supu laini, saga kila kitu. Tia na dengu au maharagwe, la sivyo baada ya saa moja njaa imerudi. Na usinywe ikiwa inachemka: vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vimehusishwa na saratani ya umio.

Kuna kundi moja ambalo ushauri wangu wa maji hauwahusu. Wenye maradhi ya figo walioambiwa wapunguze potasiamu huelekezwa kinyume chake: wachemshe mboga kwenye maji mengi, wayamwage, ndipo wapike. Hao wamfuate daktari wao, wasinifuate mimi.