Tokeni yenye tarakimu 20 iliyogoma kuwasha taa

Jana nimeumbuliwa na namba jamani. Saa mbili usiku umeme umeisha kwenye mita, nimekopa buku tano kwa mangi, mama Salma kanunua, kaandika tokeni kwenye karatasi kaiweka juu ya friji maana simu yake nayo ilikuwa inakata roho. Mi nikachukua karatasi, tochi mdomoni, nikaanza kubonyeza: 1844 6744 0737 0955 1615. Mita ikakataa. Nikarudia taratibu huku natamka kwa sauti kama naita wagonjwa foleni. Ikakataa. Mara ya tatu nikaanza kumtukana mangi, mita, mpaka baba mwenye nyumba aliyetuwekea mita moja wapangaji wanne.

Salma akacheka gizani. "Baba, hiyo si tokeni, hiyo hesabu yangu ya mchele."

Ya mchele! Kumbe kachukua ubao wangu wa drafti, vyumba 64, cha kwanza kaweka punje moja, cha pili mbili, cha tatu nne, unazidisha mbili mbili hivo hivo mpaka mwisho, jumla yake ndo ile ile niliyokuwa naibonyeza, 18,446,744,073,709,551,615. Nikadhani utani. Ila chumba cha 17 peke yake kinataka punje 65,536, hiyo imevuka kilo, na bado vyumba 47 havijaguswa, halafu kila chumba kinazidi vyote vya nyuma yake vikijumlishwa, kinazidi kwa punje moja tu, yaani ni mkopo wa kausha damu kabisa. Ndo nikaelewa kwanini wali wa juzi ulikuwa vijiko viwili viwili.

Akaendelea, hajaulizwa. Eti inaishia na 5 kwahiyo inagawanyika kwa 5, jumlisha tarakimu zote unapata 87 kwahiyo inagawanyika kwa 3, ukiipasua yote inatoka namba tasa saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Hiyo 641 ukiizidisha na ya mwisho unapata 4,294,967,297, ambayo Fermat, mwanasheria wa Ufaransa, aliamini ni tasa, mpaka mwaka 1732 mwanahisabati Euler akamuumbua, Fermat mwenyewe keshakufa zamani. Mwanasheria! Mafaili ya watu yako mezani yeye anahangaika na namba tasa, halafu tunashangaa kesi kuchelewa.

Basi karatasi yenyewe ikapatikana chini ya sahani ya dagaa, ina mafuta, namba zinasomeka kwa shida. Salma akachungulia: "Baba, na hiyo inagawanyika kwa 3?"

Nikasema sitaki upuuzi. Nikabonyeza nne za kwanza, nikasita, nikaanza kujumlisha kimoyomoyo. Nimefika tarakimu ya kumi na nne nasikia sauti ya mama Salma: "We baba Salma, si uweke umeme kwanza!"

Nikapoteza hesabu, ikabidi nianze upya.