Dinosaria Mdomo-Bata: Tuitunze Ngozi Kabla ya Mfupa

Zikitajwa habari za dinosaria, wengi hukimbilia wale wala nyama wenye meno ya kutisha. Mimi nikiulizwa kisukuku ninachotamani kila mtoto akione, nitataja cha mla majani: Edmontosaurus aliyechimbuliwa Wyoming, Marekani, mwaka 1908 na familia ya Charles Sternberg. Yupo hadi leo kwenye makumbusho ya historia ya asili jijini New York, amelala chali, na juu ya mifupa yake imebaki alama ya ngozi: magamba madogo madogo yaliyopangana kama shanga, na mikunjo penye viungo.

Huyu ni wa jamii ya hadrosauri, wenye mdomo bapa kama wa bata. Nyuma ya mdomo ule yalibanana mamia ya meno ya kusagia. Yaliyolika yalipisha mengine yaliyokuwa yakichomoza chini yake.

Ngozi ile imezua mjadala mkubwa. Mtaalamu wa visukuku Henry Fairfield Osborn alipokichunguza kiganja cha mnyama huyu, akaandika kukihusu mwaka 1912, aliona vidole vimefunikwa pamoja, akaamini ni mkono wa kuogelea. Basi kwa miaka mingi wachoraji wakamtumbukiza hadrosauri kwenye vinamasi. Mwaka 1964 mtaalamu mwingine, John Ostrom, akapinga: meno yale ni ya mnyama wa nchi kavu, mtafuna majani magumu. Siku hizi kinachokubalika ni kwamba kilichofunika vidole vile kilikuwa nyama ya kiganja iliyokauka. Mjadala wote huo uliwezekana kwa sababu ngozi ilikuwepo ya kutazamwa upya.

Ndiyo maana inaniuma kufikiria visukuku vilivyokwanguliwa ngozi ili mfupa ung'ae. Mifupa ya hadrosauri ni mingi; ngozi ndiyo adimu. Makumbusho yangepaswa kudai kila jiwe linalozunguka mfupa likaguliwe ngozi kwanza, hata kazi ikichukua miaka.

Paul Sereno wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walirudi Wyoming, wakatumia picha za zamani kuyatambua machimbo yale. Mwaka 2025 wakaeleza walichokuta: ngozi yenyewe ilishaoza, kilichohifadhi umbo lake ni utando wa udongo wa mfinyanzi usiofika unene wa milimita moja. Na katika utando huo miguu ya nyuma ina kwato, jambo ambalo mifupa peke yake isingelithibitisha kamwe. Fundi mwenye haraka ya kuufikia mfupa angeufuta utando ule kwa brashi, na asingejua amefuta nini.