Na makocha wasogezwe mbele

Nimefurahi kusoma gazetini kwamba wanariadha wetu wa shule za upili wametuzwa pamoja na makocha wao. Ila hiyo picha iliyoambatana na habari, jamani! Wanafunzi na medali zao mbele, waheshimiwa katikati, makocha nyuma kabisa, mmoja anaonekana kipara tu.

Anayetaka kujua kazi ya kocha wa shule aende Iten, kule Bonde la Ufa. Brother Colm O'Connell alikuja shule ya upili ya St. Patrick's hapo Iten mwaka 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia. Riadha hakuwa amesomea popote. Lakini shuleni hapo ndipo alipotoka Peter Rono, aliyenyakua dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988, na Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Tena huyo Brother ndiye aliyemnoa David Rudisha, aliyeshinda mita 800 kwa dakika 1:40.91 kule London 2012. Shule hiyo huwapandia mabingwa wake miti, kila mti na kibao cha jina. Wazo zuri kuliko hizi hundi kubwa za kadibodi.

Kocha wetu wa enzi zangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Saa yake ya kupimia muda ilikuwa na ufa kwenye kioo, na njumu alitununulia za mitumba kwa mshahara wake. Siku ya zawadi shule ilimpa thermosi.

Kwa hiyo naomba kuuliza: hao makocha wamepewa nini hasa? Mwandishi ametaja zawadi za wanafunzi peke yake.