Merkel na Magufuli wote watu wa kemia, sasa tofauti ilikuwa wapi?

Kila nikija likizo Mwanza mjomba wangu lazima aianzishe ile mada yake, kwamba Wajerumani wako vile walivyo kwa sababu waliongozwa na mwanasayansi, Merkel, miaka 16 mfululizo, sisi tumejaza wapiga domo. Mjomba namheshimu sana ila hapo huwa nashindwa kuvumilia, namwambia mjomba na sisi si tulikuwa naye Rais Magufuli, tena mwenye PhD ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au umeshamsahau mara hii? Anacheka, anasema "ah, yule tofauti mjomba." Haya, tofauti yenyewe ni ipi? Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Leipzig, Ujerumani, nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji, na hilo swali nimetembea nalo muda mrefu, leo naliandika labda litaniachia.

Kwanza huyu mama mwenyewe kwa wanaomjua kwa jina tu. Angela Merkel kazaliwa Hamburg mwaka 1954, baba yake mchungaji wa Kilutheri, na mtoto akiwa hajafikisha hata miezi mitatu familia ikahamia Ujerumani Mashariki, yaani wakati wenzao wanatoroka kutoka huko wao ndio wanaingia. Kakulia Templin, mji mdogo kaskazini ya Berlin. 1973 akaja hapa hapa Leipzig kusoma fizikia, enzi hizo chuo kinaitwa Karl Marx. Katikati ya mji kuna ngome ya zamani inaitwa Moritzbastei, ilikuwa imefukiwa na vifusi, sasa miaka ya 70 wanafunzi wakaichimba kwa mikono na makoleo yao mpaka wakaigeuza klabu, na Merkel alikuwa mmoja wa waliobeba vifusi. Ipo mpaka leo. Huwa nashuka pale kunywa kahawa na nikiangalia yale matofali huwa najiuliza hivi sisi chuoni tulichimba nini zaidi ya kugombea foleni ya chakula.

Akamaliza 1978, akaenda Berlin kwenye taasisi ya kemia ya Akademia ya Sayansi, akakaa hapo miaka 12 anapiga mahesabu. Udaktari wake wa 1986 ni wa kemia ya kwantamu, kwa lugha ya mtaani alikuwa anakokotoa molekuli za haidrokaboni zinavunjika kwa kasi gani, kazi ya kukaa na karatasi na kompyuta mbovu kusubiri majibu. Kabla ya hapo aliomba kazi chuo kimoja kule Ilmenau, watu wa usalama wa taifa wakamwita pembeni wakamtaka awe mtoa habari wao, akawajibu yeye hawezi kutunza siri, ana mdomo. Kazi akaikosa. Na siku ukuta wa Berlin unafunguliwa, tarehe 9 Novemba 1989, ilikuwa Alhamisi na Alhamisi ni siku yake ya sauna, kile chumba cha joto cha kutoa jasho, basi akaenda sauna kwanza na rafiki yake kama kawaida, alipotoka ndio akavuka kwenda magharibi na umati. Hii stori naipenda kuliko zote maana ndiyo huyo huyo tulimwona baadaye, dunia inalipuka yeye anamaliza kwanza alichopanga.

Siasa alipanda haraka sana, 1990 msemaji msaidizi wa serikali ya mwisho ya Mashariki, mwaka uliofuata waziri, baadaye mazingira, 2000 mwenyekiti wa chama, Novemba 2005 Kansela, yaani mkuu wa serikali, mpaka Desemba 2021. Mengi ya hapo mtayasoma wenyewe, mimi nataka kufika kwenye korona.

Aprili 2020 tulikuwa tumefungiwa, mimi na mwenzangu wa Kenya kwenye kachumba ketu, akatokea Merkel kwenye TV anaeleza ile namba ya maambukizi. Hakupiga kelele wala hakutisha mtu. Akasema kwa sasa mtu mmoja anaambukiza mmoja, ikipanda ikawa 1.1 hospitali zetu zitafika mwisho Oktoba, ikiwa 1.2, yaani katika watu watano mmoja anaambukiza wawili, basi ni Julai, na 1.3 ni Juni. Basi. Aisee mwenzangu aliyeishia fomu foo alielewa, na Kijerumani chake cha kuokoteza. Nilichokiona pale ni kwamba yule mama hakusema "niamini", alitoa hesabu mezani, ukitaka kaa chini uirudie mwenyewe uone kama amedanganya.

Wiki zile zile mama yangu ananipigia kutoka nyumbani, "mwanangu piga nyungu, weka na tangawizi." Nikajifukiza kweli, usinicheke, nani anakataa nyungu ya mama akiwa peke yake ughaibuni. Halafu tarehe 3 Mei ikaja ile hotuba ya Chato, Rais Magufuli akiwa nyumbani kwao anasema sampuli za papai na mbuzi na nyingine zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na baadhi zikarudi zina korona. Watu huku walicheka mpaka wakaanza kunitumia picha za mapapai kazini. Mimi sikucheka, na hapa ndipo naachana na wengi, kwa sababu sisi kwenye maabara yetu hicho kitu tunakifanya kila wiki. Bosi anachukua maji safi yaliyochemshwa yakakusanywa mvuke, anayabandika lebo kama vile yametoka kisima fulani, anayapitisha bila kutuambia ni yapi. Ukisema yana vijidudu umeumbuka. Kwa hiyo wazo la kukitega kipimo ni wazo la mtu wa maabara kabisa, yule mzee alijua anachofanya, kemia alikuwa ameifundisha Sengerema Sekondari kabla hata ya kuingia bungeni.

Shida ni kilichofuata. Kwetu sampuli ya mtego ikirudi vibaya unasimamisha kila kitu, unarudia, unatafuta uchafu umeingilia wapi, ni kwenye pipeti au kwenye chombo au kwa aliyechukua sampuli, unapeleka na maabara nyingine wasiokujua wapime wao, halafu unaandika kila hatua ili yeyote aje aifuate. Kule kwetu mkuu wa maabara akasimamishwa, na takwimu ambazo zilikuwa zimeshaacha kutolewa tangu Aprili 29 zikabaki pale pale, wagonjwa 509, vifo 21, mwaka mzima na zaidi nchi inasoma namba hiyo moja, mpaka alipoingia Mama Samia. Swali la mtego lilikuwa zuri sana jamani, ila jibu likabaki kwa mtu mmoja na wengine wote tukaambiwa tuamini.

Nitawaambia kitu kilichonikaa zaidi. Machi 2021 Merkel na wakuu wa majimbo walikesha mpaka usiku wa manane wakaamua nchi ifungwe siku tano za Pasaka, kesho yake watu wakapiga kelele kwamba haitekelezeki, na tarehe 24 akasimama akasema anaifuta na kwamba kosa ni lake yeye peke yake, anaomba radhi. Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa nalala na simu mkononi natazama msiba wa Magufuli, amefariki tarehe 17, watu wanatandika khanga barabarani gari lipite juu, wanazimia, na tarehe 26 akazikwa Chato. Nililia, sitaki kudanganya. Na huku sebuleni TV ya Wajerumani inaonyesha bibi wa miaka 66 anasema nimekosea na hakuna aliyezimia, watangazaji wakaendelea na habari ya hali ya hewa.

Hilo la kukosea halianzii Ikulu. Nikiwa kidato cha tatu mwalimu wetu wa kemia aliandika mlinganyo ubaoni, upande mmoja oksijeni nne mwingine tatu, nikanyoosha mkono nikamwambia mwalimu haijabalansi. Viboko vinne. Kesho yake nikaikuta ubaoni imebalansi vizuri kabisa na hakusema neno. Sasa nilipoanza kazi huku, mwezi wa pili tu, bosi wetu kwenye kikao cha Jumatatu akasema ile ripoti ya Ijumaa nukta ilikaa pasipo, aliyeikosea ni mimi, nimeshampigia mteja, kuna mwenye swali? Mimi nimekaa nasubiri kitu kitokee. Hakikutokea kitu, watu wakaenda kunywa kahawa.

Kwa hiyo mjomba akiniambia PhD, PhD, namwambia hapana. Hata huku wanaziheshimu kupita kiasi, mpaka kwenye kengele ya mlango mtu anaandika Dr., na waziri wa ulinzi zu Guttenberg alijiuzulu 2011 kwa kunakili tasnifu, akafuata waziri wa elimu Schavan 2013. Merkel mwanzoni alimtetea yule wa ulinzi, akasema yeye alimwajiri awe waziri na si msaidizi wa utafiti, na wanasayansi wenzake kwa maelfu wakamwandikia barua ya kumlaumu. Mwanasayansi mwenyewe alikosea, waliomkosoa wakaendelea na kazi zao kesho yake. Hapo ndipo ilipo tofauti kwangu mimi, sio kichwani kwa anayeongoza ila kwa wale anaowaruhusu wamhakiki.

Ila wanaosifia huku bila breki nao wananichosha. Huyu huyu mama vijana walimtungia kitenzi, merkeln, maana yake kukaa usiamue kitu. Uwanja mpya wa ndege wa Berlin walianza kuujenga 2006 wakaufungua Oktoba 2020, ingekuwa Magufuli angetumbua mpaka mlinzi wa geti. Treni zinachelewa mpaka ukiwahi unajiuliza kulikoni. Na Septemba 2024 daraja la Carola kule Dresden, saa moja na kitu kutoka kwangu kwa treni (ikija), sehemu yake ilidondoka mtoni usiku, bahati tu hakufa mtu. Wataalamu walisema chanzo ni chuma cha ndani kilichopata nyufa kwa kutu, ila miaka ya kubana matumizi nayo mingi ilikuwa ya mama wa hesabu.

Wakati huo kwetu Kigongo hadi Busisi, kwenye Ziwa Victoria, ambapo nikiwa mdogo tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka mahindi ya kuchoma yanakuishia na hela pia, Magufuli aliweka jiwe la msingi 2019 na Juni 2025 likafunguliwa daraja la kilomita 3. Safari iliyopita nilimpakia mjomba tukalipita, dakika chache tu, nje ziwa limetulia na kile kivuko hakipo. Mjomba kanyamaza muda wote, nikajua anatafuta neno. Tukiwa tunashuka upande wa Busisi akaniuliza, "na lile la kwenu huko lililoanguka, wameshalijenga?" Nikamwambia bado wanalipanga, mjomba. Alicheka mpaka tunaingia Sengerema.