Mnaomlilia Nabi leo, si ndio tuliomwambia afungashe?

Yanga tumeshinda moja bila. Narudia kwa walioko nyuma: TUMESHINDA. Pointi tatu mfukoni, filimbi imelia, watu wanashuka ngazi za mzunguko kwa Mkapa, halafu nyuma yangu kijana mwenye jezi ya njano anaanza kupayuka, "Mrudisheni Nabi! Huyu kocha gani huyu? Mrudisheni Nabi!" Ana karanga mkononi, kila akisema Nabi anatupa moja mdomoni. Wenzake wawili wakadakia. Kufika getini ilishakuwa kwaya.

Sikumjibu, maana ukibishana na mtu ambaye timu yake imeshinda na bado amenuna, tatizo ni wewe. Lakini nimerudi nyumbani nalo, na sasa mtalibeba nyie.

Mimi Nasreddine Nabi, kocha wetu wa zamani, nampenda, tuelewane hapo kwanza. Alitukuta Aprili 2021, mtani wetu Simba kashazoea kuchukua ubingwa kama anachukua kitambulisho chake mwenyewe, miaka mitatu mfululizo na wa nne njiani. Msimu wake wa kwanza kamili, 2021/22, tukabeba ligi bila kupoteza mechi hata moja. Uliofuata tukabeba tena. Kombe la Shirikisho la Azam mara mbili, Ngao ya Jamii mara mbili, na zote mbili za Ngao tulimfunga mtani huku straika wetu Mayele akitetema kwa kushangilia. Halafu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Sisi! Timu ambayo hatua ya makundi tu ilikuwa inatutoa jasho. Katikati Aucho na Bangala wanakata umeme, mpira ukipotea unaona watu watano wanaufuata kwa pamoja kama wameibiwa simu.

Kwa hiyo hapana, sibishi kuhusu Nabi. Nabishia kumbukumbu zenu.

Hivi Oktoba 2022 mlikuwa wapi? Mimi nilikuwepo. Kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, Al Hilal wa Sudan walitoka kwetu na sare ya 1-1, wakatufunga 1-0 kwao Omdurman, tukatupwa Shirikisho. Novemba 2 wakaja Club Africain wa Tunisia, ikawa suluhu hapahapa kwa Mkapa. Dakika za mwisho uwanja ulikuwa umenyamaza, mpaka ukasikia wachezaji wanaitana majina. Halafu filimbi, halafu matusi. Mzee mmoja wa makamo yangu, mtu mzima na baraghashia yake, alisimama juu ya kiti na kumwonyesha Nabi ishara ya kubeba begi. Watu wakampigia makofi.

Na mimi nilipiga.

Usiku ule kwenye kundi letu la WhatsApp niliandika maneno ambayo leo nayaonea aibu. Niliandika: "Huyu uwezo wake umeishia hapa. Aende kwao." Nikaongeza alama tatu za mshangao, kana kwamba viongozi wanasubiri mimi nishangae ndipo waitishe kikao. Watu wakaunga mkono. Mmoja akaleta orodha ya makocha watatu wa kumrithi, wote amewaona kwenye YouTube.

Basi akaenda kwao kweli. Novemba 9, Radès, nje kidogo ya Tunis, nchini kwake. Kipindi cha pili Aziz Ki akafunga, moja bila, tukaingia makundi. Wiki moja tu! Mtu aliyekuwa anaonyeshwa begi siku ya Jumatano, Jumatano iliyofuata akawa "Profesa".

Mnadhani tulijifunza? Mwezi haujaisha, Ihefu wakatukatishia Mbarali ule mwendo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa, na kuna watu walianza tena kuuliza kama Profesa ana vyeti. Mechi 49! Aprili 16, 2023 mtani akatupiga mbili, hapo sina la kusema, zilikuwa halali na ziliuma. Simu za redio zikajaa wataalamu wa kupanga vikosi. Siku saba baadaye Mayele akapiga mbili Nigeria dhidi ya Rivers United, wataalamu wakarudi kwenye shughuli zao za kawaida.

Sasa nawauliza, kwa nini Nabi amekuwa mtakatifu? Makombe? Gamondi, aliyemrithi, naye alituletea makombe. Gamondi alimpiga mtani 5-1, jamani, TANO, hiyo Nabi hakuwahi kutupa. Alituingiza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mamelodi wakatutoa kwa penalti, na lile goli la Aziz Ki mpaka kesho naliona limevuka mstari. Halafu Novemba 2024 tukafungwa na Azam, tukafungwa na Tabora United, mechi mbili zimefuatana, kwaheri Gamondi. Getini sijasikia kwaya yake.

Tofauti ni moja. Nabi aliwahi kuondoka. Mkataba ulipoisha Juni 2023 alikataa kuongeza, akashika njia. Hatukupata nafasi ya kumfukuza. Angebaki msimu mmoja zaidi, akapata sare mbili na kipigo kimoja, yule mzee wa baraghashia angepanda tena juu ya kiti, na leo Nabi angekuwa jina mojawapo kwenye ile foleni ndefu ya makocha "waliofika mwisho wa uwezo wao".

Nakubali, shingo upande, kwamba kijana wa karanga ana hoja kidogo: ule mpira ulikuwa mtamu kuliko huu wa kushinda moja bila huku tumeshika vifua. Haya. Lakini Nabi alikuwa na Mayele, Diarra, Djuma, na Fei Toto kabla hajatuvunja mioyo. Mpe kocha yeyote wale watu.

Kinachoniudhi ni kwamba hamumkumbuki Nabi kwa ajili ya Nabi. Mnamkumbuka ili mpate fimbo ya kumchapia huyu aliyepo. Mkitaka kumkumbuka kweli, kumbukeni Juni 3, 2023 kule Algiers. Nyumbani tumeshafungwa 2-1 na USM Alger, kila mtu anasema tunakwenda kuhesabiwa magoli. Djuma anapiga penalti dakika za mwanzo, kipa wetu Diarra anadaka penalti ya kwao, mpira unakwisha 1-0 kwetu. Tumeshinda ugenini kwenye fainali na kombe limebaki kwao, kwa goli la ugenini. Nililia, mtu mzima, mbele ya wanangu. Usiku ule hakuna aliyetaja begi.

Ule ujumbe wangu wa Novemba 2 nilijaribu kuufuta baada ya goli la Radès. Muda wa kufutia kwa wote ulikuwa umeshapita. Kuna kaka mmoja kwenye kundi, mstaafu, hana kazi, aliuhifadhi. Kila ikifika Novemba 9 anaurudisha kundini asubuhi na mapema, bila kuongeza neno, na zile alama zangu tatu za mshangao.