Mkataba wa 1921: Je, Collins alikosea kutia saini?

Usiku wa manane, tarehe 6 Desemba 1921, Michael Collins, mmoja wa viongozi wa mapambano ya uhuru wa Ireland, na wenzake walitia saini jijini London mkataba uliomaliza vita vya Waireland dhidi ya Uingereza. Waziri Mkuu Lloyd George alikuwa amewaambia wazi: wasiposaini, vita vinarudi mara moja. Wakapata Dola Huru yenye bunge, jeshi na hazina yake, lakini ndani ya himaya, na wabunge wake wakiapa kuwa waaminifu kwa Mfalme George wa Tano. Kaunti 6 za kaskazini, zilizokwisha kutengwa kwa sheria ya 1920, ziliruhusiwa kubaki na Uingereza. Januari 1922 bunge la Waireland jijini Dublin liliupitisha mkataba huo kwa kura 64 dhidi ya 57.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Jamhuri ilitangazwa 1916 na waliotia saini tangazo hilo wakapigwa risasi. Wabunge wenyewe walikuwa wameapa kuilinda. Leo uape tena kwa mfalme, kwa sababu umetishiwa vita? Hata hivyo, kiongozi wao Éamon de Valera namlaumu kwa jambo moja: alijua mazungumzo yatakuwa magumu, akabaki Dublin na kuwatuma wengine.

Collins alisema mkataba hautoi uhuru kamili, ila unatoa uhuru wa kuufikia huo uhuru kamili. Wapiganaji wake walikuwa na upungufu mkubwa wa risasi, na yeye alilijua hilo kuliko wasemaji wengi bungeni. Miaka iliyofuata ilimpa haki. Kiapo kilifutwa 1933, na aliyekifuta ni de Valera huyohuyo, akiwa madarakani chini ya dola aliyoikataa. Bandari 3 zilizobaki mikononi mwa jeshi la majini la Uingereza zilirudishwa 1938. Jamhuri ikaja 1949.

Kwa hiyo naona alifanya sawa kusaini. Lakini hilo halihalalishi yaliyofanywa kwa jina la mkataba. Oktoba 1921 Kevin O'Higgins alifunga ndoa, na msimamizi wake alikuwa rafiki yake Rory O'Connor. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya waliounga mkono mkataba na walioupinga, viliwatenganisha. O'Higgins akawa waziri, O'Connor akawa mfungwa. Mbunge mmoja alipouawa Dublin na wapinga mkataba, kesho yake, tarehe 8 Desemba 1922, serikali iliwapiga risasi wafungwa 4 bila kuwafikisha mahakamani, O'Connor akiwemo. O'Higgins alikuwa miongoni mwa mawaziri walioidhinisha. Watu hao walikuwa gerezani tangu miezi mitano kabla ya mauaji yale. Hicho kilikuwa kisasi, na serikali inayojiita ya sheria haina utetezi hapo.

Collins mwenyewe alikwishauawa Agosti, kwa kuviziwa kwao Cork, akiwa na miaka 31.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba pande zote mbili zilibishana kwa siku nyingi kuhusu kiapo, huku suala la mpaka wa kaskazini likitajwa kidogo tu. Collins aliamini tume ya mipaka, iliyoahidiwa na mkataba, ingezirudisha kaunti za Tyrone na Fermanagh, ambako Wakatoliki walikuwa wengi. Mwaka 1925 Dublin ilikubali mpaka ubaki ulivyo, nayo London ikaisamehe sehemu yake ya deni la taifa la Uingereza. Wakatoliki wa kaunti hizo hawakuulizwa.