"Si itafutika tu?"

Kila Machi huku Valencia, Hispania, watu huteketeza kazi ya mwaka mzima, na hakuna anayelalamika kuwa ni hasara. Falla, yaani masanamu ya mbao, karatasi na povu la plastiki, mengine marefu kupita nyumba za ghorofa tano, husimamishwa mitaani kufikia tarehe 15. Usiku wa tarehe 19, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, yanatiwa moto huku wazimamoto wakirowesha kuta za majirani. Kisanamu kimoja tu kati ya vinavyoyapamba (na kingine cha falla za watoto) huokolewa kwa kura na kupelekwa makumbusho, desturi iliyoanza 1934.

Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale, kwa hiyo sanaa ya kupita si ngeni kwangu. Kikuba cha asumini, mrehani na waridi hufungwa jioni, kufika asubuhi kimenyauka. Hina ya bi harusi nayo ni shughuli: mchoraji aanze na ncha za vidole, apande hadi karibu na kiwiko, ahamie miguuni, na bi harusi kakaa hapo hata pua akiwashwa hawezi kujikuna. Wiki mbili tatu, imekwisha.

Kinachonikera ni bei. Fundi wa falla hupewa mkataba mapema, wakazi wa mtaa huchanga mwaka mzima, na jina lake linajulikana. Sijasikia mtu akimwambia apunguze kwa kuwa itaungua. Kwetu mashangazi hawaoni haya: "Mwanangu, si itafutika tu?" Mwenye ukumbi analipwa bila kelele, mpiga video anatangulizwa pesa, ila aliyekesha ameinamia miguu ya bi harusi anakatiwa, kisha anapozwa na sahani ya biriani.

Akibanwa hivyo, njia ya mkato inamwita. Hina ya majani yataka saa kadhaa ikolee. Piko, rangi ya dawa ya kutia nywele weusi, hukolea upesi, nyeusi tii, lakini ina kemikali ya PPD inayoweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Nimeona bi harusi wa kwetu akipokea wageni na mikono imevimba, malengelenge yamefuata maua yaleyale aliyochorwa.

Wavalencia nao si malaika. Povu limewarahisishia kazi, na moshi wake mweusi wanauvuta wao wenyewe. Wapo mafundi waliorudia mbao na karatasi, kazi inayokula muda na inayotaka mlipaji.

Mpwa wangu anaolewa Desemba. Nimeshamwambia dada hina iingie kwenye bajeti kabla ya keki, mchoraji apewe nusu mapema, na aje na hina ya majani aliyoikoroga mwenyewe. Atakayeleta habari za "itafutika tu", nitamuuliza hiyo keki anatarajia ikae miaka mingapi.